Kabla ya kufunga turbo uani kwenu, nunua geji

Wewe unayesoma hapa, najua simu yako ina video gani. Kijana yuko ndani ya gereji safi huko Marekani au Afrika Kusini, sakafu inang'aa utadhani haijawahi kumwagikiwa oili. Anafungua boksi, anatoa turbo mpya, na baada ya dakika kumi na mbili gari linatoka likipiga mluzi. Umeitazama mara ngapi? Mimi niliitazama mpaka nikaikariri. Kisha nikatoka nje, nikamwangalia binamu yangu, naye akaiangalia Probox iliyoegeshwa chini ya mwarobaini uani kwao Kisumu Ndogo, Malindi. Hakuna aliyehitaji kusema kitu.

Leo nataka kukuambia jambo moja tu, na nitalirudia mpaka likukere: usinunue turbo kabla ya kununua geji. Sikukatazi kufunga. Wakatazaji wapo wengi, na wengi wao hawajawahi hata kubadilisha plagi. Nasema kwamba sisi vijana wa gereji za uani, kuanzia Mtwapa hadi Mambrui, tuna mikono mizuri kupindukia, ila tunafanya kazi kwa kubahatisha, na turbo haisamehi mtu anayebahatisha.

Nikueleze ilivyokuwa.

Hiyo Probox haikuwa gari la starehe. Shangazi yangu ni mama karanga, na ukiwa wa Pwani sina haja ya kukufafanulia. Amekaanga na kuuza samaki tangu sisi tukiwa watoto. Miaka ya karibuni alikuwa amepanda ngazi kidogo. Alfajiri anachukua samaki wabichi kwa wavuvi wa Mayungu, anawatia kwenye maboksi ya barafu, na binamu yangu anawapeleka Mtwapa kwa watu wenye mikahawa. Gari lilinunuliwa kwa mkopo wa chama chake cha akina mama. Sahihi ilikuwa yake mama, funguo zilikuwa za mwana.

Turbo tuliipata kwa simu, kutoka kwa muuzaji mmoja Mombasa. Shilingi 28,000, ex-Japan, "imetoka kwenye Subaru, bado mpya bro." Ilikuja kwa matatu, imefungwa gunia. Tuliishika, tukazungusha kile kipanga chake kwa kidole, kikazunguka. Huo ndio uliokuwa ukaguzi wetu wote.

Kazi ya kuifunga, wacha niseme ukweli, ilikuwa tamu. Fundi wetu wa kuchomelea ni mtu anayetengeneza mageti na nanga za mashua, na alitengeneza manifoldi ya eksosi kwa vipande vya mabomba mpaka nikashika kichwa. Kila kiungo kilikaa. Interkula ilitolewa kwenye gari lililokufa. Mipira ya kuunganishia ilitoka kwenye lori. Siku tatu usiku na mchana, chai ya rangi, mahamri, na muziki wa simu. Kama umewahi kukesha uani na wenzako mkiunda kitu, unajua ile raha, na hakuna anayeweza kukuambia haikuwa na maana.

Siku ya nne gari liliwaka. Likapiga ule mluzi. Ukiachilia mafuta, psss! Watoto wa mtaa walikimbia nyuma yetu hadi barabarani. Jioni hiyo hiyo tuliipeleka pale msitu wa Arabuko Sokoke unapopakana na barabara na lami inanyooka, na Probox, ile sanduku ya kubebea mizigo, ikatubandika mgongo kwenye kiti. Nilipiga kelele kama mtoto.

Ilidumu siku tisa.

Ijumaa asubuhi, maboksi matano ya samaki nyuma, binamu yangu kwenye usukani na mimi pembeni. Alipita lori la chumvi la kutoka Gongoni kwa mkanyago mmoja mrefu, tukacheka. Baada tu ya kuvuka daraja la Kilifi, upande wa Mnarani, ikaanza sauti kama ya mtu anayegonga sufuria kwa kijiko. Kisha moshi. Kisha nguvu ikaisha kabisa na gari likajisukuma lenyewe hadi kando ya barabara, kwa heshima, kama mzee anayetafuta pa kukaa.

Barafu haingojei mtu. Kufika saa nne, maji yalikuwa yanachuruzika chini ya mlango wa nyuma, na tulikuwa tunauza changu na tafi kando ya lami kwa bei yoyote aliyotaja mtu. Shangazi alikuja na matatu. Alituangalia, akaangalia boneti iliyofunguliwa, akaona lile dude lililobadilika rangi ya samawati kwa joto. Hakupiga kelele. Aliuliza swali moja:

"Kwani ilikuwa haifiki Mtwapa?"

Sina jibu la swali hilo mpaka leo, na nimejaribu.

Tulipoifungua injini, pistoni ya tatu ilikuwa imevunjika ule ukingo unaoshika ringi. Ya pili ilikuwa na vidoadoa kama imepigwa na cheche za welda. Sasa, watu wa gereji walipita mmoja mmoja na kila mmoja akawa na hukumu yake: oili mbaya, turbo feki, mmerogwa, presha nyingi. Ukweli ni kwamba hakuna kati yetu aliyekuwa na haki ya kusema chochote, kwa sababu hatukuwa tumepima kitu hata kimoja. Tulikuwa na masikio tu.

Hebu tuelewane kuhusu hili dude linafanya nini. Turbo ni feni mbili kwenye ekseli moja. Moshi unaotoka kwenye injini, ambao kwa kawaida unapotea bure, unazungusha feni ya kwanza. Feni ya pili inavuta hewa ya nje na kuishindilia ndani ya silinda. Hewa nyingi, petroli nyingi, nguvu nyingi. Wazo lenyewe ni la zamani, mhandisi Mswisi Alfred Büchi alilisajili mwaka 1905. Supachaja inafanya kazi ile ile ila inaendeshwa kwa mkanda kutoka kwenye injini, kwa hiyo haingoji moshi, lakini nayo inakula sehemu ya nguvu inayozalisha. Ekseli ya turbo inaweza kuzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, ikielea juu ya utando mwembamba wa oili. Soma tena hiyo namba kisha ukumbuke sisi tuliikagua kwa kidole.

Shida ni hewa ikishindiliwa inapata joto. Ukishaijaza zaidi kwenye silinda ambayo tayari inaikandamiza sana, mchanganyiko unalipuka wenyewe kabla ya wakati, pistoni ikiwa bado inapanda. Ni nyundo inayopiga juu ya pistoni maelfu ya mara kwa dakika. Injini ya 1NZ iliyo ndani ya Probox, Fielder na Vitz nyingi za hapa kwetu inakandamiza mchanganyiko mara 10.5. Injini nyingi za Subaru zilizotoka kiwandani na turbo ni 8 hadi 9 hivi. Yaani Subaru walianza kwa kuacha nafasi ya ile hewa ya ziada. Sisi tulichukua injini iliyokwisha kujaa tukaijazia tena. Na ukiniambia Toyota wenyewe, kupitia tawi lao la mbio la TRD, waliwahi kuuza Vitz ya 1NZ yenye turbo, nitakujibu ndiyo, waliuza, na ilitoa nguvu za farasi 150 tu au karibu na hapo, kutoka kama 109 za kawaida. Watu wenye maabara, wenye pesa, wenye kompyuta, waliridhika na nyongeza ya farasi 40. Wewe wa uani unataka ngapi?

Hapa sasa nije kwenye jambo ambalo sijaona likizungumzwa, na ambalo linatuhusu sisi wa Pwani kuliko mtu mwingine yeyote.

Mafundi tunaowaiga ni wa Nairobi. Video za Kiswahili na Sheng, vikundi vya WhatsApp, namba za presha tunazopeana, karibu zote zinatoka huko. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya bahari. Hewa ya huko ni nyepesi. Gari lisilo na turbo linapoteza kama sehemu moja kati ya sita ya nguvu zake kwa kuwa tu liko Nairobi. Kwa hiyo jamaa wa Nairobi akifunga turbo, sehemu ya kwanza ya kazi yake ni kurudisha tu kile ambacho mlima umemnyang'anya. Wewe uko Malindi, bahari unaisikia. Gari lako tayari linapata hewa yote ambayo kiwanda kilikusudia. Hakuna aliyekuibia kitu.

Sasa chukua ile namba yao. Wanasema, "weka nusu bar, iko salama." Nusu bar juu ya hewa ya Nairobi, ambayo ni kama 0.83, inakupa 1.33. Nusu bar juu ya hewa ya Malindi, ambayo ni 1 kamili, inakupa 1.5. Geji inaonyesha namba ile ile, sindano imesimama pale pale, lakini ndani ya silinda yako kuna hewa nyingi zaidi. Na hewa yenyewe imeingia ikiwa na joto la nyuzi 32 na unyevunyevu wa Februari, si ile ya baridi ya asubuhi ya Limuru. Ukiishindilia hadi 1.5 kwa turbo ya kawaida, kabla ya kufika kwenye interkula inaweza kupita nyuzi 80. Na interkula yetu sisi tuliifunga nyuma ya bamba, mahali ambapo upepo haufiki, kwa sababu mbele ilikuwa inaharibu sura ya gari.

Namba ya Nairobi ilitukosesha samaki wa Ijumaa.

Halafu kuna petroli. Petroli inahitaji karibu gramu 14.7 za hewa kwa kila gramu moja ili iungue yote. Turbo ikishika, unataka petroli zaidi ya hapo, uwiano wa kama 12 kwa 1 au chini kidogo, ili ile ziada ipoze moto ndani. Kompyuta ya Probox haikufundishwa hayo. Nozeli zake zilipimwa kwa ajili ya gari la mizigo lisilo na haraka. Kwa hiyo ukikanyaga, hewa inaongezeka na petroli inabaki nyuma, na gari lenye petroli pungufu, sikiliza vizuri, mara nyingi huhisi kuwa na nguvu. Halipigi kelele. Halitoi moshi. Linakimbia vizuri sana huku linajiyeyusha. Sikio la fundi, hata awe na miaka thelathini ya kazi, halisikii hilo ndani ya gari lenye eksosi iliyokatwa na muziki juu.

Ndiyo maana nasema geji.

Najua jibu lako. "Mafundi wetu wametengeneza magari maisha yao yote bila hizo geji zako." Kweli kabisa. Nina heshima kubwa kwa fundi wa sikio. Nimemwona mzee mmoja pale Barani akiweka bisibisi kwenye injini, mpini sikioni, akataja bearingi iliyokufa kabla hata hajavaa miwani. Lakini mzee huyo anasikiliza gari lililoharibika tayari. Kazi yake ni kujua kilichovunjika. Ukifunga turbo, unahitaji kujua kitakachovunjika wiki ijayo, na hicho hakina sauti bado.

Na usiniletee Safari Rally kama ushahidi. Naipenda kuliko wewe. Toyota Celica yenye turbo ilishinda Safari mara tatu mfululizo, 1984, 1985 na 1986, kwenye vumbi na matope ya nchi hii. Mwaka 1993 Patrick Njiru, Mkenya mwenzetu, alichukua Subaru Vivio, kigari cha cc 660 chenye supachaja, akakimaliza kimbunga kile katika nafasi ya 12. Kigari ambacho ukikiona leo Malindi utadhani ni cha kupeleka mboga sokoni! Hiyo ndiyo hadithi ninayoipenda kuliko zote, kwa sababu inaonyesha kwamba hewa ya kushindilia inaweza kukifikisha kijigari kidogo mbali. Ila supachaja ya Vivio ilitoka kiwandani pamoja na injini iliyoundwa kuibeba, na nyuma ya Njiru palikuwa na timu. Sisi nyuma yetu palikuwa na watoto wa mtaa.

Basi ununue nini, na kwa utaratibu gani? Cha kwanza si cha turbo kabisa. Ni geji ya kupimia nguvu ya mkandamizo wa silinda, ile unayofungua plagi, unaiingiza kwenye tundu lake, unakanyaga mafuta na kupiga stata. Bei yake haizidi kujaza tangi. Inakupa namba nne, moja kwa kila silinda. Kwa 1NZ yenye afya utaona kama bar 14 au 15, na Toyota hawataki tofauti kati ya silinda na silinda izidi bar 1 hivi. Kumbuka gari lako si jipya. Sheria ya Kenya inaruhusu magari ya mitumba yasiyozidi miaka 8, na hapo ndipo linaanza maisha yake ya pili huku kwetu, na huenda wewe ni mmiliki wa tatu. Injini iliyochoka ukiifungia turbo ni sawa na kumpa babu yako mbio za mita mia.

Na hapa kuna kitu cha kuchekesha. Nimeanza kupima magari ya watu wanaotaka turbo, na karibu yote yalikuwa na nguvu zao ndani yao zimefichwa na uchafu. Plagi zimekufa. Katalitiki imeziba. Filta ya hewa imejaa mchanga wa Muyeye. Moja lilikuwa na breki ya nyuma inayoshika muda wote, jamaa akidhani injini ni nzito. Tukaliachilia, akashukuru kama vile tumemfungia turbo mbili.

Cha pili, kifaa cha kusoma kompyuta ya gari, kile kidogo kinachoongea na simu kwa bluetooth. Hicho ni bei ya kula nyama choma na rafiki. Cha tatu, geji ya presha ya oili, kwa sababu turbo inakunywa oili ile ile ya injini, na ile taa nyekundu ya dashibodi ikiwaka mara nyingi umeshachelewa. Cha nne, na hiki ndicho ghali, ni geji ya mchanganyiko wa hewa na petroli yenye sensa yake kwenye eksosi. Watu wanakataa kuinunua kwa sababu inakaribia bei ya turbo ya mtumba. Hiyo ndiyo hesabu iliyotumaliza. Tulitoa 28,000 za kitu kinachoongeza hatari na tukakosa pesa za kitu kinachoiona hatari. Geji ya presha ya turbo yenyewe inakuja mwisho kabisa, na ndiyo pekee ambayo kila mtu hununua kwa sababu inapendeza kwenye dashibodi usiku.

Mkiwa wanane hamna sababu ya kila mmoja kununua. Chama kipo kwa nini? Kinanunua viti na masufuria ya harusi, kinaweza kununua geji.

Mambo mengine nitayapitia haraka kwa sababu kila fundi makini atakuambia. Bomba la oili linalotoka kwenye turbo kurudi kwenye sampu lazima lishuke, lisipinde, lisipande, maana hakuna pampu ya kuisukuma, inaanguka tu kwa uzito wake. Letu lilipinda. Siku ya pili gari lilitoa moshi wa buluu na tukaambiana turbo "inazoea." Usizime injini ghafla baada ya kuikimbiza, iache ipumue dakika moja au mbili, la sivyo oili inaungua ndani ya turbo na kuganda kama lami. Usiweke filta ya koni karibu na gurudumu, si kwa mchanga wetu huu. Na waya: hewa ya chumvi inakula viungio vya umeme, na sensa inayodanganya ni mbaya kuliko kutokuwa na sensa. Dizeli ni hadithi nyingine, ina uvumilivu zaidi kwa turbo, na wenye Hiace za injini ya zamani wameanza kufanya hivyo. Nitaandika siku nyingine.

Ila breki sipiti haraka. Hatukugusa breki. Hata pedi hatukuzitazama. Tuliongeza mwendo wa gari ambalo linabeba mzigo alfajiri kwenye barabara yenye bodaboda zisizo na taa, mbuzi wa Matsangoni, wanafunzi wanaovuka Gede wakiwa wameshikana mikono, na tuktuk zinazogeuka bila kuuliza mtu. Katika miji hiyo yote kikomo ni kilomita 50 kwa saa. Injini ilipokufa tulilia, lakini nikiwaza usiku, sijui kwa nini ilikuwa injini na si mtu. Na kama ingekuwa mtu, hatukuwa tumeiambia bima kwamba gari limebadilishwa. Kampuni ya bima inaweza kukataa kulipa ukiificha taarifa kama hiyo, na mkopo ulikuwa bado uko kwenye jina la mwanamke anayekaanga samaki.

Kuna watakaosema nawavunja moyo vijana wabunifu. Sikubali. Anayewavunja moyo ni yule muuzaji anayewauzia kipande cha chuma bila kuwauliza kinaenda kwenye gari gani, na yule msanii wa video anayeikata ile sehemu ambayo mhandisi amekaa na kompyuta siku mbili akipima. Mkono wa fundi wetu wa mageti, ukiuwekea namba mbele yake, sioni kwa nini usishindane na wowote. Ndiyo maana inaniuma kuona kazi nzuri kama ile manifoldi ikining'inia ukutani kama pembe za mnyama.

Ipo bado, ukutani. Binamu yangu aliuza pikipiki yake, akanunua injini nyingine ya mtumba, na safari hii tulipima kabla ya kulipa, mbele ya muuzaji, ambaye alinuna lakini akatuachia tuchague ya pili. Miezi minne shangazi alipeleka samaki kwa matatu, ndoo mapajani, akilipia viti viwili. Hakutusema hata siku moja. Alikuwa anapita tu.

Jumamosi iliyopita kijana mmoja wa Watamu alikuja na Fielder nyeupe, rimu nyeusi, na turbo kwenye buti, bado iko kwenye gunia. Alisikia tunajua kufunga. Binamu yangu hakumjibu, alichukua geji. Silinda ya kwanza, 13. Ya pili, 13. Ya tatu, 9. Ya nne, 12 na nusu. Akamimina kijiko cha oili kwenye ile ya tatu, akapima tena, ikaruka hadi 12, na hapo hata mimi nilijua ni ringi. Akaziandika zote kwa chaki kwenye kipande cha boksi, akamwekea juu ya boneti.

"Si tuweke presha kidogo tu?" kijana akauliza. "Kidogo sana."

"Kidogo cha wapi? Cha Nairobi au cha Watamu?"

Kijana hakuelewa, akaanza kuelezwa, na maelezo yakawa marefu, na chai ikaletwa. Katikati yake shangazi akatoka jikoni na ndoo zake mbili tupu, akazipanga nyuma ya Probox.

"Kesho saa kumi alfajiri inatoka?"

"Inatoka, mama."

Akaitazama ile turbo kwenye gunia, akamtazama kijana wa watu, akarudi ndani.